Mzee Kanda na Filimbi Isiyokuwa na Haraka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Mzee Kanda atazima taa ya Maktaba ya Sauti, atafunga mlango, atagundua amesahau miwani ndani, atafungua tena, ataichukua, na hapo ndipo atakapokuwa amestaafu rasmi. Amelitumikia shirika letu la utangazaji kwa miaka thelathini na sita, yote katika chumba kimoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo juu ya kiti kimoja. Ameomba kiti hicho aende nacho nyumbani. Utawala bado unalitafakari ombi lake.

Kamati ya maagano ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Mhariri wa jarida yuko likizo. Watangazaji walisema wao ni watu wa kusema, kuandika kuna wenyewe. Mkuu wa kitengo alikumbuka ghafla kwamba ana kikao. Ndipo wakanigeukia mimi, fundi wa mitambo, ambaye kwa miaka mingi nimekaa chumba kimoja na Mzee Kanda nikimtengenezea mashine zilizoharibika kwa sababu nilikuwa nimezitengeneza. Mwenyewe alipoambiwa mwandishi ni nani alicheka hadi akakohoa, kisha akatoa sharti: nisimpambe kwa asiyoyafanya, na lile kubwa alilokosea nilieleze mwanzo hadi mwisho. Haya Mzee, umeyataka mwenyewe.

Aliajiriwa kijana mwembamba, na shati la kuazima, kuwa mpanga kanda. Kazi yake ilikuwa kupokea kanda, kuzipanguza vumbi, kuziweka rafuni na kuzitoa mtangazaji akizihitaji. Baada ya miaka tisa alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa maktaba, ambayo ni kazi ileile pamoja na funguo. Ukimwomba sauti ya mvua atakuuliza unataka mvua ya bati au mvua ya majani. Ukimwomba kicheko cha mtoto atakuuliza wa umri gani na amechekea nini. Wakati maji yalipoingia chumba cha chini, ni yeye aliyetupanga mstari kwenye ngazi tukapokezana makasha mpaka la mwisho, na la mwisho lilipofika juu likaonekana ni la matangazo ya dawa ya mende. Hakukubali tuliache. Alisema ipo siku mtu atayataka, na mpaka leo tunamsubiri mtu huyo.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba msimamizi wetu wa sauti hasikii kwa sikio la kushoto. Lilistaafu kabla yake. Kwenye vikao huwa anachagua kiti ambacho kitamweka bosi upande huo, na labda ndiyo sababu anaondoka akiwa na afya njema hivi. Kuhusu jioni zake mtu wa kuulizwa ni shemeji yetu, mke wake. Kila jioni simu ya mezani hulia, Mzee huinua mkono wa simu, husema, “Nakuja, namalizia hii moja tu,” na kurudi kwenye mashine. Hii moja hiyo ndiyo iliyomlia miaka yote. Shemeji alishaacha kugomba, siku hizi huuliza tu afunike sufuria au amwage.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Hakuna msomaji wa jarida hili asiyeijua Ngoma ya Shomoro. Umeichezea harusini, umeichezea kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, na kama hukuicheza basi ulikuwa unashika mikoba ya waliokuwa wanacheza. Filimbi inakwenda kasi kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo, vidole havionekani, wachezaji wanatimua vumbi, halafu mwishoni kabisa, filimbi ikishanyamaza, shomoro analia: chwi-chwichwi, chwichwichwi! Hapo ukumbi mzima huinua mikono na kulia naye. Bibi harusi asipolia kama shomoro watu husema ndoa hiyo haina muda. Shuleni inashindaniwa kama ngoma ya asili. Na shirika letu limeitumia kufungulia kipindi cha Jumamosi tangu kabla sijajua kunyoosha shati.

Mzee Kanda aliingiwa na swali ambalo mtu mwenye kazi zake asingeliuliza: ngoma hii imetoka wapi? Kila mtu alisema ni ya asili, ya mababu. Naye akataka kumjua babu huyo. Akaanza kuufuata wimbo kinyumenyume, kanda hadi kanda, kama mtu anayefuata uzi kurudi kwenye donge lake. Alianza na bendi za harusi za juzijuzi, akashuka kwa wapiga gitaa walioupiga kabla yao, akashuka tena kwa bendi ya matarumbeta iliyoupiga kabla ya gitaa. Kila alipofika alisikiliza namna wanavyomaliza, maana wote walimwiga yule shomoro: mmoja kwa gitaa, mmoja kwa tarumbeta, mmoja kwa mdomo wake mwenyewe na mate juu. Chini yao wote alikuta kanda moja ya zamani humuhumu ndani mwetu, filimbi tupu bila ngoma, imerekodiwa shamba na watu wetu. Hiyo ndiyo watangazaji waliyoiweka hewani mwanzo, na wote wengine waliiga hiyo.

Kabla ya hiyo, hakuna kitu. Na si kwamba hatukutafuta. Wakati mmoja tulisikia kuna kinyozi mwenye santuri ya kale yenye filimbi. Tulimkuta ameifunikia mtungi wa maji ya kunyolea. Tulimbembeleza nusu siku, na mimi nikakubali kunyolewa kwa ajili ya utafiti, jambo ambalo mke wangu alilichukulia kama msiba. Santuri tukapewa. Ikafungwa kwenye gazeti, ikawekwa kwenye kiti cha gari ili isipate msukosuko, na mimi nikaingia nikaikalia. Mzee aliokota vipande kimoja kimoja njia nzima. Tuliiunga kwa gundi, tukaipiga, ikaimba sifa za sabuni ya kufulia.

Kwa kuwa kanda yetu ilikuwa ya kale kuliko zote, Mzee alihitimisha kwamba mpigaji wake ndiye chanzo. Jina hatukuwa nalo, basi akampa: Vidole vya Umeme. Akamwandikia kijitabu. Akatoa mihadhara vyuoni, mimi nikiwa nyuma nabeba spika, akieleza jinsi mtu huyu wa ajabu alivyoweza kuziba na kuzibua matundu ya filimbi kwa kasi isiyo ya kibinadamu, na juu ya hayo akalia kama shomoro kwa pembe ya mdomo bila kuvuta pumzi. Mhadhara wa mwisho alinitaka nionyeshe kwa vitendo. Nilionyesha. Nilitoa sauti iliyomleta mlinzi kuuliza kama kuna mtu ameumia. Mzee akawaambia wanafunzi, bila kupepesa macho, kwamba mmeona wenyewe jinsi ilivyo vigumu.

Hapa ndipo ninapomleta Mama Mwavuli. Alikuwa akija kaunta yetu mara kadhaa kwa mwaka, jua kali au mawingu, na mwavuli wake mweusi. Alimwita Mzee Kanda mwanangu, ingawa mwana mwenyewe ana mvi. Haja yake ilikuwa moja. Zamani, alipokuwa mke kijana, watu wa redio walifika kwao na mashine wakamrekodi mumewe akipiga filimbi uani. Yeye alikuwa jikoni. Hakujua kwamba lile sanduku tayari linasikiliza, na wimbo ulipokaribia mwisho alichungulia mlangoni akatia neno lake. Wageni wakatazamana. Wakafunga vyombo vyao, wakaaga, wakasema wimbo utasikika.

Haukusikika. Mume alinunua betri mpya, akawa anakaa na redio yake jioni baada ya jioni akingoja filimbi yake. Msimu ukapita, na mwingine, akaacha kungoja. Hakumlaumu mkewe hata siku moja, na Mama Mwavuli alituambia kwamba hilo ndilo lililomuuma: angegomba angalau mara moja wangemaliza. Mume akafariki na filimbi ikazikwa kwenye kabati. Yeye akabaki na swali, je, ni mdomo wangu ulioharibu wimbo wa mume wangu wakautupa? Alitaka kanda ipatikane ili ajue. Na hivi karibuni alikuwa anataka ipatikane upesi, kwa sababu alianza kutuomba tuseme kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi. Alisema masikio yake yanahama kama wapangaji, bila hata kuaga.

Mzee Kanda, mtu wa sikio moja, alilichukulia jambo hilo kama la mama yake mzazi. Mama alituimbia wimbo wenyewe kwa kuvumisha mdomo umefungwa, taratibu, na sisi tukapekua kila kanda ya filimbi iliyopo. Tulitafuta wimbo wa polepole wenye sauti ya mwanamke mwishoni. Hatukuupata. Nilipomuuliza kama labda marehemu alipiga nyimbo za kuchangamka pia, kama Shomoro, alinitazama kwa huruma. Mume wake, alisema, hakuwa na haraka hata siku paa lilipotaka kushika moto. Kufunga vifungo vya shati ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Na Shomoro huyo, marehemu alishawahi kumsikia redioni, akatikisa kichwa akasema mpigaji huyu hafiki mbali, atakufa kwa kukosa pumzi.

Barua ya kustaafu ilipofika, Mzee aliisoma akaiweka chini ya kikombe. Kilichomkera si kustaafu. Mara mbili nilimsikia akijiambia kwamba ataondoka na deni la yule mama. Pamoja na yeye ilitangazwa kwamba inastaafu mashine yetu ya mwisho ya kupigia kanda za magurudumu, ile tunayoiita Bibi, na kanda zote muhimu zihamishiwe kwenye kompyuta kabla haijabebwa. Zisizohamishwa ndiyo basi tena.

Bibi ana swichi ya kasi ubavuni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa. Kabla hata Mzee hajaajiriwa, mtu mmoja aliichezea na habari za saa mbili zikasomwa kwa sauti ya kuku, mkurugenzi wa wakati huo akaamuru swichi ifungwe kwa utepe na isiguswe mpaka amri nyingine. Mkurugenzi aliondoka bila kutoa amri nyingine. Utepe ulipochakaa Mzee aliweka mwingine juu yake, na nilipofika mimi nilirithishwa kazi ya kubadilisha utepe kama mtu anavyorithishwa mbuzi. Tumekuwa waaminifu mno kwa utepe ule.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, Mzee alikuwa anamhamisha Shomoro. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mama Mwavuli alikuwa kaunta, ameketi, anapumzika baada ya kujibiwa tena kwamba bado. Wiki moja kabla yake mpira unaozungusha gurudumu la Bibi ulikuwa umekatika. Vipuri vyake havipatikani tena duniani, kwa hiyo nilikata ukanda kwenye tyubu ya baiskeli yangu, nikaufunga, nikajisifu kwa kila aliyepita. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Katikati ya Ngoma ya Shomoro mpira wangu ulipata joto, ukalegea, na gurudumu likaanza kuchoka. Filimbi ikashuka. Ikapunguza mwendo. Cherehani ikawa mtu anatembea, na sauti nyembamba ikanenepa ikawa na pumzi ndani yake. Nilisimama kwa aibu kwenda kuzima kabla mtu hajacheka.

“Usizime,” alisema Mama Mwavuli.

Alikuwa ameshasimama, mwavuli umeanguka, na mkono wake mmoja umeushika ukingo wa kaunta. Alikuwa haangalii mtu.

“Huyo ni mume wangu.”

Mpira ukatoka kabisa na Bibi akanyamaza. Nilitaka kusema kwamba mama, hiyo ni mashine mbovu tu. Nashukuru sikusema. Mzee Kanda alikuwa ameganda na hedifoni shingoni, na nilimwona akihesabu kichwani, uso ukibadilika kidogo kidogo, mpaka akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alitoa kisu chake kidogo cha kumenyea machungwa. Akainama ubavuni kwa Bibi akaanza kukata utepe, tabaka juu ya tabaka, utii wa miaka yote ile, akipanga maganda yake mezani. Mimi nilirudisha mpira mahali pake, nikaukaza kwa fundo ambalo sitalirudia tena maishani. Akashusha swichi hadi mwisho. Akarudisha kanda nyuma, akabonyeza.

Jamani, haukuwa wimbo wa kuchezea harusi. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyekaa na nafasi yake, hajui kama kuna mahali pengine pa kuwa. Anapiga, anavuta pumzi, unaisikia. Kuku anapita akisema yake. Anarudia kipande kilekile kana kwamba amekipenda. Nilisimama na bisibisi mkononi, nikijua kwamba huu ndio wimbo ambao nimeusikia mara elfu na sijawahi kuusikia. Mama Mwavuli aliketi chini polepole. Alifumba macho akawa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za nyumbani. Kisha filimbi ikafika mwisho, na pale anapolia shomoro, tukasikia sauti ya mwanamke kutoka mbali kidogo, ya kijana, yenye kukereka kwa mapenzi:

“Njoo basi. Chai inapoa.”

Mwanamume akacheka kidogo, na kanda ikaisha.

Mama Mwavuli alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba ndiyo kwanza amelisema neno lile na anataka kulirudisha. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo, kama hii ndiyo ile ya harusini, ile ambayo watu huinua mikono. Mzee Kanda alivua hedifoni, akazunguka kaunta, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama. Huyu ni mtu ambaye kwa kawaida hutoa pole kama anayesoma bei za nafaka. Lakini siku hiyo alipata la kusema.

“Mama, hujaharibu kitu. Nchi hii haifungi ndoa bila wewe.”

Mama alicheka kwanza. Alicheka mpaka mabega yakatingishika, akasema yote yale, makofi na vigelegele, kumbe watu wanaitwa chai. Baadaye akalia. Alilia kwa ajili ya marehemu, aliyekaa na betri zake mpya akingoja wimbo wake, ukapita mbele yake ukikimbia, akauonea huruma asijue ni wake. Tukamwacha alie. Alipomaliza alijifuta, akaomba turudishe nyuma. Akaliegemeza sikio lake lililobaki kwenye spika, na Mzee Kanda, akiwa na lake moja, akaegemea upande wa pili. Walisikiliza hivyo hadi simu ya mezani ikalia, ikakata, ikalia tena, na kwa mara ya kwanza nikaipokea mimi, nikamwambia shemeji kwamba leo Mzee ana haki ya kuchelewa.

Jinsi kosa lilivyotokea tulikuja kuelezwa na mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mrekodi wa safari hizo. Kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo wakienda shamba waliwasha mashine kwa kasi ya chini kabisa ili kanda moja itoshe vijiji vingi. Kuandika hawakuandika. Walirudi, wakamkabidhi mtu wa maktaba, wakamwambia kwa mdomo: hii ni ya polepole. Safari ile alirudi na jino bovu na shavu limevimba kama andazi. Aliweka kanda mezani, akaonyesha shavu lake, akaenda kung'olewa. Aliyepokea akaipiga kwa kasi ya kila siku. Mtangazaji aliyekuwa akipita akasikia filimbi inakimbia, akasema hii itafaa Jumamosi. Basi huo ndio ukale wa Ngoma ya Shomoro, ngoma yetu ya mababu: umetoka kwenye jino la mtumishi wa shirika hili.

Mwingine angelifukia jambo hilo na kustaafu na heshima zake. Mzee Kanda alikwenda studio mwenyewe. Alisema hewani kwamba Vidole vya Umeme hakuwahi kuwako, kwamba kijitabu chake kisomwe kama hadithi ya kuburudisha watoto, na kwamba yeye ameutafuta wimbo juu na chini huku ameukalia. Hapo nilifikiri atanitaja na santuri, akaniachia. Kisha akamtaja mpigaji kama mkewe alivyotaka atajwe, mtu asiyekuwa na haraka, na kanda ikapigwa kwa kasi yake. Wasikilizaji wengi walipiga simu kutuarifu kwamba mitambo yetu imeharibika. Mwalimu mmoja wa filimbi alikuja mwenyewe, akaomba kiti, akaangalia vidole vyake vilivyopinda kwa miaka ya mazoezi, akauliza kama tuna uhakika. Tulimwambia tuna uhakika. Akaomba kusikiliza tena, na alipoondoka alikuwa anaupiga kwa mdomo, taratibu, hadi getini.

Harusini bado wanacheza Shomoro kwa kasi ileile, na Mama Mwavuli amesema wawaache, vijana wana miguu. Tumempa nakala ya wimbo. Mjukuu wake anasema huuweka kila alasiri, sauti hadi mwisho, majirani wote wanajua sasa ni saa ya chai. Ameahidi kuja Ijumaa, na ameomba asikalishwe karibu na hotuba.

Mzee wetu, kamati ilinipa mistari michache ya shukrani na nimeipoteza. Asante kwa kuniachia nivunje nusu ya vyombo vyako na kuniita fundi mbele ya watu. Asante kwa kumwambia yule mama “bado”, kila alipokuja, wakati “hakuna” lilikuwa jibu rahisi zaidi. Vijitabu vyako vilivyobaki vimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza, na meza haiyumbi tena. Kiti utakipata, maana utawala ukikataa nitakitengeneza, na nikishakitengeneza hawatakuwa na haja nacho.

Sisi wa Maktaba ya Sauti tunakuombea siku ndefu za kasi ya chini kabisa. Ijumaa saa kumi simu ya mezani italia, na safari hii usiinue mkono, wala usiseme unamalizia moja. Acha taa, tutaizima. Chukua miwani yako, Mzee, uende kwa shemeji. Chai inapoa.